Magonjwa adimu: usikariri majina, jifunze kushtuka

Wadogo zangu mnaosomea udaktari (MD) na nyie mlioanza intanshipu juzi juzi, kuna swali naulizwa kila nikikaa na wanafunzi, eti dokta haya magonjwa adimu tunayasomaje, manake ukifungua kitabu unakuta maelfu alafu mtihani unauliza mawili. Jibu langu huwa linawaudhi: usianze kwa kuyasoma. Orphanet peke yake, ile hazina ya magonjwa adimu iliyoanzishwa Ufaransa 1997, ina magonjwa zaidi ya 6,000, na hakuna binadamu anayeyajua yote, hata yule profesa anayekufokea kwenye raundi hayajui. Unachoweza kujifunza, tena kuanzia kesho asubuhi, ni kushtuka. Kushtuka kwamba huyu mgonjwa hafanani na kilichoandikwa kwenye faili lake.

Nianze na aibu yangu ili mjue siongei kutoka juu ya mti. Wilaya moja sitaitaja, nilikuwa nimemaliza intanshipu mwaka huo huo. Analetwa mtoto wa kiume miaka 9, goti limevimba, la moto, hakanyagi. Mimi haraka haraka, goti lina usaha hilo, nikachukua sindano nivute. Ikatoka damu. Nikajiambia nimegonga mshipa, nikafunga bandeji, nikaanzisha antibiotiki, alafu ili asilie usiku nikaandika diclofenac ya sindano, tako la kulia. Nimerudi asubuhi goti limekuwa tikiti, tako nalo limevimba limekuwa jeusi, na pale nilipochoma jana bado panachuruzika. Bibi yake amekaa pembeni ya kitanda na khanga mabegani, ananiangalia, akaniambia taratibu, "Dokta mwanangu, huyu amewafuata wajomba zake. Mmoja alituishia jandoni, damu ilikataa kukata. Huyu mwingine yupo lakini magoti yote mabovu. Sisi kwetu ndo tulivyo."

Nikaenda kufungua faili. Historia ya familia: hakuna cha maana. Mwandiko wangu mwenyewe kabisa, na sikumuuliza mtu yeyote.

Ilikuwa hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kushindwa kuganda. Ugonjwa wenyewe nilikuwa naujua vizuri tu, mwaka wa tatu niliuchora ubaoni na fakta zake zote, yaani zile protini za kugandisha damu, namba nane namba tisa, nikapata alama nzuri. Kwahiyo msiniambie tatizo ni kutokusoma. Nilisoma, ila niliusoma kama ugonjwa wa wafalme wa Ulaya, haikunipitia akilini kwamba unaweza kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje (OPD) umevaa ndala.

Sasa hapo kwenye neno adimu penyewe tuelewane kidogo. Ulaya wanasema ugonjwa ni adimu kama unampata mtu asiyezidi 1 kati ya 2,000, Marekani wanahesabu kwamba wenye nao nchini kwao hawafiki 200,000. Hesabu za kwao hizo. Sikoseli kwao inaingia kwenye orodha ya magonjwa adimu, wakati hapa Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka, utasemaje ni adimu wakati wodi ya watoto ina vitanda vinne vyao? Kuna usemi maarufu wa madaktari wa Marekani, unahusishwa na profesa mmoja wa Maryland aitwaye Theodore Woodward miaka ya 1940, kwamba ukisikia kishindo cha kwato nyuma yako waza farasi, usiwaze punda milia, yaani waza la kawaida kabla ya la ajabu. Mimi nimekulia Morogoro, farasi nimemuona ukubwani, punda milia nawaona kwenye dirisha la basi kila nikipita Mikumi. Kwahiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla hujasema kitu hakitokei, uliza hakitokei wapi.

Na msiseme sisi huku hatuna historia ya kushtuka. Burkitt, yule wa saratani ya taya za watoto mnayemkariri kwa ajili ya mtihani, alikuwa daktari wa upasuaji tu pale hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, akamuita aangalie mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa. Hakuwa na jina la kuliita hilo jambo. Baada ya muda yuko Jinja hospitali, anachungulia dirishani anaona mtoto mwingine, sura ile ile, mataya yale yale. Hapo ndo akashtuka: mmoja unaweza kusema bahati mbaya, wawili kuna kitu. Akaanza kupekua mafaili, 1958 akaandika, 1961 akaendesha gari kama kilomita 16,000 kuuliza hospitali kwa hospitali mnao hawa. Jina lilikuja mwishoni kabisa. Mahenge huku kwetu Tanzania nako hivyo hivyo, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa 1960 akaona watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia wakila, akaandika, na dunia ikaja kushughulika na ule ugonjwa wa kutikisa kichwa miongo mingi baadaye kule Uganda na Sudan Kusini, sasa hivi unahusishwa na usubi. Wote wawili hawakuwa na Google, walikuwa na macho na daftari.

Haya, unafanyaje basi.

Jifunze kuchukua historia ya ukoo kwa Kiswahili, na ufikiri kwa Kiswahili wakati unachukua. Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo penye mali. Chuoni tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaandika faili kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza mjomba, baba mdogo, baba mkubwa wote ni neno moja, uncle, mume wa shangazi naye humo humo. Yaani umeuliza vizuri, mama kakujibu vizuri, wewe wakati wa kuandika ukaitupa taarifa. Magonjwa kama hemofilia na Duchenne, ule wa misuli kudhoofika, yanapita kwenye kromosomu X, mama anaubeba bila kuugua, au anaugua kidogo tu, mtoto wa kiume ndo unamlipukia. Kwahiyo anayekuhusu ni mjomba, na watoto wa kiume wa mama mdogo na mama mkubwa. Baba mdogo hakuhusu kabisa kwenye hilo. Lugha yetu imeshakutenganishia hao watu bure, tumia, kwenye faili andika "mjomba" kwa Kiswahili kama ilivyo, hakuna atakayekufunga. Ila angalizo, mjomba kwetu ni wengi, hata binamu wa mama ni mjomba, hata jirani ni mjomba, kwahiyo malizia na swali hili: "tumbo moja na mama?"

Alafu chora. Kijimchoro cha ukoo, mraba mwanaume, duara mwanamke, vizazi vitatu, dakika 5 zinatosha. Waliofariki waweke pia, na usiulize "kuna ugonjwa wa kurithi kwenye familia?" manake hilo swali jibu lake ni hapana siku zote, mtu kwao hakuna "ugonjwa wa kurithi", kwao kuna laana, kuna mzimu, kuna damu nyepesi, kuna "sisi tunachelewa kutembea". Uliza vitu vyenyewe. Kuna mtoto alifariki mchanga? Wangapi? Kuna mvulana alitoka damu sana kwenye tohara? Kuna aliyekuwa anatembea vizuri akaacha? Nani kwenu kavaa miwani mizito akiwa mdogo, nani haskii?

Swali la ndoa za ndugu liulize kwa adabu. Pwani na visiwani mtoto wa ami kuoa mtoto wa ami ni jambo la heshima, huulizi kwa sura ya polisi. "Wewe na baba mtoto mna undugu wowote wa ukoo?" Basi. Inakusaidia kwa yale magonjwa ambayo mtoto anahitaji kurithi kasoro kutoka pande zote mbili, mfano ule wa ngozi kushindwa kabisa jua, xeroderma pigmentosum, mtoto ana madoa madoa usoni toka mdogo, macho yanamuuma mchana, na saratani za ngozi zinaanza utotoni. Huyo mtu anaweza kukwambia ni kawaida tu ya weupe. Sio weupe, na sio ualbino pia, wa ualbino ni suala la rangi kukosekana toka kuzaliwa. Wote wawili wanahitaji kufichwa jua na wote hospitali ya KCMC Moshi, pale kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992, wanaeleweka.

Na jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote: mama mtoto hatakwambia ukweli mbele ya mama mkwe na mawifi. Tafuta sababu umtoe nje, mwambie twende tukapime uzito, muulize huko huko kwenye mzani. Nimepata majibu mengi sana kwenye mzani kuliko kwenye chumba cha daktari.

Kitu cha pili ni mikono na macho, mambo yasiyo na bili. Mtoto wa kiume miaka 4 anaanguka anguka, mama anasema ni mvivu, mkalishe chini sakafuni mwambie nyanyuka. Akipanda kwa kujishika magoti na mapaja kama anapanda mnazi kwenye miguu yake mwenyewe, alafu vigimbi vya miguu vimejaa kama vya mchezaji mpira, hiyo ni Duchenne mpaka ithibitike vinginevyo, hapo omba CK, kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli. Nimeona watoto kama hawa wanazungushwa mwaka mzima kwenye kliniki ya ini kisa AST na ALT ziko juu, hakuna aliyekumbuka kwamba hivyo vimeng'enya vinatoka kwenye misuli pia. Na prednisolone, ambayo ni ya bei ya chini, inawaongezea muda wa kutembea, kwahiyo usiseme hata nikijua nitafanya nini.

Dada kope zinaanguka, asubuhi yuko fresh jioni anaongelea puani na kutafuna nyama kunamshinda, weka barafu kwenye glavu, lifunge, liweke juu ya kope iliyoanguka dakika 2. Kope ikipanda una myasthenia, ule wa misuli kuchoka haraka, mkononi mwako na umetumia barafu ya mama ntilie.

Kichanga wa wiki 3 bado wa njano. Hapa tunaua watoto kwa upole kabisa, tunamwambia mama muanike jua la asubuhi. Njano ikipita wiki 2 omba uone nepi, kwa macho yako, usikubali kuelezewa. Choo kikiwa cheupe kama chaki na mkojo mweusi mweusi, njia za nyongo zinaweza kuwa zimeziba toka kuzaliwa, na operesheni ya Kasai, ya kuunganisha ini na utumbo, inafanya vizuri zaidi kabla ya siku 60. Siku sitini, na rufaa yenyewe inachukua wiki mbili na bima bado. Kimbia.

Tochi kwenye macho ya kila mtoto, mboni ikirudisha weupe kama jicho la paka usiku usimpe dawa ya matone, hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho. Sikuizi wazazi wenyewe wanaiona kwenye picha ya simu yenye flashi, mama akikuonyesha picha usimcheke.

Kijana wa miaka 17 ini bovu, mikono inatetemeka, mwandiko umeharibika, kabadilika tabia, kashapelekwa kwenye maombi mara tatu. Waza Wilson, shaba imejaa mwilini, tafuta mtu wa macho aangalie ile duara ya kahawia ukingoni mwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Una dawa ule, penicillamine, zinki. Inauma sana kumkosa mwenye ugonjwa wenye dawa.

Mnaona sijawapa orodha ya mia. Hivyo vichache mkivifanya kwa mkono vinakaa, na vinakufundisha tabia.

Sasa utajuaje ni wakati wa kushtuka, manake ukishtuka kwa kila mtu utakuwa kichekesho na utawafilisi watu kwa vipimo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu tunamjua, kila ugonjwa anao yeye. Mimi natumia alama hizi: mgonjwa karudi mara ya tatu kwa tatizo lile lile na kila safari kapewa jina tofauti, leo malaria, kesho taifodi, keshokutwa "UTI sugu". Au viungo viwili visivyokaa mtaa mmoja vinaumwa pamoja, ini na akili, ngozi na macho. Au umri hauendani, kiharusi miaka 20. Au mtoto alikuwa anaweza kitu sasa hawezi, hiyo ya kurudi nyuma ni kengele kubwa kuliko kuchelewa. Au dawa sahihi, dozi sahihi, siku zimetimia, na hakuna kilichobadilika. Au mama anakwambia kwa mara ya nne "huyu mtoto hayuko sawa dokta". Huyo mama amini, yeye anaye masaa 24, wewe unaye dakika 7.

Ila kabla hujaruka mbali hakikisha umemaliza nyumbani. TB, HIV, brusela, kaswende, hao ni wachezaji wa hapa hapa na wanavaa nguo za kila aina. Ugonjwa wa kawaida uliokuja kwa sura ngeni bado ni mwingi kuliko ugonjwa mgeni uliokuja kwa sura ya kitabuni. Hilo halibadiliki, mimi nasema tu ukishapima hao wote na hola, usiwarudie mara ya pili kwa sababu ya kukosa wazo.

Hapo ndo unafungua simu, na kusoma kunakuja sasa, ukiwa na mgonjwa kichwani. Usitafute jina la ugonjwa, huna. Chukua dalili mbili tatu zile za ajabu zaidi, achana na homa na kichwa kuuma hizo kila mtu anazo, ziandike kwa istilahi za kidaktari, tafuta PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya makala za kitabibu. Ukishapata jina la kukisia nenda Orphanet usome ukurasa mmoja, pia kuna miongozo ya dharura humo ya nini usimfanyie mgonjwa wa namna hii, ukurasa kama huo ungeokoa goti la yule mtoto wangu. Kama ni wa jeni, GeneReviews, kitabu cha mtandaoni cha chuo kikuu cha Washington, ni bure na imeandikwa na watu wanaowaona hao wagonjwa kila siku. OMIM, ile orodha ya jeni na magonjwa yake, nayo bure ila ni ya wapenzi wa jeni, utazama humo usiku kucha. Majarida ya kulipia usilipe, ulizia maktaba yenu kama mmeandikishwa Hinari, ule mpango wa WHO wa 2002 wa kusoma majarida bure au kwa bei ndogo kwa nchi zetu.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya madaktari kuna msaada mkubwa kweli, bingwa wa Dar anakujibu saa tano usiku akiwa kitandani. Lakini picha ya mgonjwa na sura yake na jina la kwenye bangili, hapana. Omba ruhusa, ficha sura, kata jina. Kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, na hata bila sheria, huyo ni mtoto wa mtu.

Kisha uwe na daftari la waliokushinda. Langu lina jalada la bluu limeliwa na mende. Kila mgonjwa ambaye sikumuelewa naandika umri, dalili, nilidhani nini, nimempeleka wapi, na namba ya simu ya ndugu. Baada ya mwezi napiga. "Shikamoo mama, ni yule dokta wa kule, mtoto walisema ana nini?" Hiyo simu ya shilingi mia mbili imenifundisha kuliko semina zote za hotelini zenye chai na vitumbua. Wengi hatujui magonjwa adimu kwa sababu tukishatoa rufaa stori inaishia getini kwetu.

Ukishapata jibu, au nusu ya jibu, jinsi ya kusema nayo ni kazi. Uchunguzi mmoja wa Ulaya ulikuta robo ya wagonjwa wa magonjwa adimu walisubiri kati ya miaka 5 na 30 kupata jina la ugonjwa wao, na asilimia 40 walipewa jina la uongo kwanza. Kwahiyo watu wanaweza kulia kwa furaha ukiwapa jina hata kama ni baya, usishangae. Ila kwa yale ya upande wa mama chunga mdomo. Ukisema mbele ya ukoo mzima "huu unatoka kwa mama" umevunja ndoa saa hiyo hiyo, yule dada anarudishwa kwao na mtoto wake mgonjwa. Mwambie yeye kwanza, peke yake, kisha na mumewe kama akitaka. Na waambie ukweli kamili, kwamba kwa hemofilia karibu theluthi moja ya wagonjwa hakuna hata mmoja kwenye ukoo, kasoro imezaliwa nao, hakuna aliyemroga wala aliyemletea. Waunganishe na wenzao pia, Tanzania kuna Ali Kimara Rare Diseases Foundation, Kenya kuna Rare Disorders Kenya, mzazi anajifunza kwa mzazi mambo ambayo wewe huyajui, kama jinsi ya kumlisha mtoto asiyemeza.

Mwisho barua ya rufaa, manake ndo inayosafiri na mgonjwa. "Kwa uchunguzi zaidi" sio rufaa, hiyo ni kumfukuza mtu kwa heshima. Andika unachokishuku hata kama unaona aibu, andika kilichokushtua kwa sentensi moja, bandika ule mchoro wa ukoo, andika ulichokwisha pima ili asirudiwe, na kwa herufi kubwa juu kabisa andika asifanyiwe nini. Kwa mvulana unayemshuku hemofilia: HAKUNA SINDANO YA MSULI, HAKUNA ASPIRIN, HAKUNA DICLOFENAC, USITOBOE JOINTI KABLA YA KUPIMA APTT. APTT na PT ni vipimo vya muda wa damu kuganda; PT na chembe sahani zikiwa kawaida na APTT imerefuka, Muhimbili wana kliniki yao, huko ndo aelekee. Hiyo karatasi itoe kopi mbili, moja akae nayo bibi kwenye pindo la khanga, manake faili litapotea lakini kile kipindo hakipotei.

Na chini kabisa weka namba yako ya simu.